Mayai kumi na mawili chini ya jani la mbuni

Nilipopanda Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kumsaidia mama kupogoa kahawa, nilikuta chini ya jani moja mayai kumi na mawili yaliyobanana kama shanga. Yalikuwa ya antestia, wale kunguni wa rangi nyeusi, nyeupe na ya machungwa wanaofyonza matunda machanga. Mama alitaka niyaponde palepale. Nilimwomba niyatie kwenye chupa na kuifunika kwa kitambaa, kwa kuwa mayai hayo, ambayo kwa kawaida ni meupe, yalikuwa yamegeuka kijivu. Siku chache baadaye hakutoka kunguni hata mmoja. Walitoka nyigu weusi, wadogo kiasi kwamba mama aliwadhania vumbi mpaka walipoanza kutembea.

Neno nyigu huwafanya watu warudi nyuma, lakini hawa hawana haja na binadamu. Jike hutaga ndani ya yai la mdudu mwingine au ndani ya mwili wa kiwavi, na mtoto wake hukua kwa kumla mwenyeji wake hadi kumwua. Hapo ndipo anapotofautiana na kupe au chawa, ambao humnyonya mwenyeji na kumwacha hai. Wengi wa nyigu hawa huchagua sana: anayetaga katika mayai ya antestia hamshughulikii ruhuka, yule mdudu mweusi anayetoboa matunda ya kahawa. Ruhuka ana adui zake mwenyewe, akiwemo Prorops nasuta, nyigu wa Afrika aliyepelekwa Brazil kutoka Uganda mwaka 1929 na ambaye huko bado huitwa nyigu wa Uganda. Kwa sababu hiyo, shamba lenye nyigu wengi wa aina moja tu bado lina milango mingi iliyo wazi.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, vidung'ata, wadudu laini wanaojifunika unga mweupe, walizuka katika mashamba ya kahawa ya upande wa Thika na kuenea kwa kasi. Wataalamu waliwadhania kuwa aina inayojulikana Asia, wakaenda kuwatafuta maadui zao huko, na walioletwa hawakufaa kitu. Miaka ilipita kabla ya kubainika kwamba aina hiyo ilikuwa ya Afrika Mashariki yenyewe na ilikuwako Uganda, ambako haikusumbua sana kwa sababu nyigu waliidhibiti. Mwaka 1938 nyigu wa jenasi ya Anagyrus walichukuliwa Uganda na kuachiliwa Kenya, na tatizo lililokuwa limewashinda wakulima likaanza kupungua. Dawa ilikuwa kwa jirani muda wote; kilichokosewa ni jina la mdudu. Baadaye, sumu kali zilipoanza kupuliziwa kwa wingi mashambani, nyigu nao walikufa, na wadudu ambao awali hawakuwa tishio wakajitokeza.

Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, hakina mpango wa kitaalamu. Kuna mibuni, migomba, mringaringa na mruka wa kivuli, na pembeni magugu ambayo mama huyaacha kwa kuwa mgongo wake haumruhusu kuyamaliza. Nyigu aliyekomaa hula nekta, maji matamu ya maua, na maua ya kahawa hudumu siku chache tu, hivyo magugu hayo yana kazi ambayo palizi safi ingeiondoa. Majani yaliyooza na kivuli cha miti hupunguza joto la mchana, jambo lenye uzito kwa mdudu wa milimita moja.

Hata hivyo, siwezi kukisifu kivuli bila kinyongo. Antestia hupenda mbuni uliosongamana, na matawi mazito ndani ya mti humpa maficho mazuri kuliko yanavyompa nyigu. Nionavyo, miti ya juu ibaki, lakini mbuni wenyewe upogolewe mpaka mwanga ufike katikati, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imenipeleka Marangu.

Mama hajakubali kuiita hiyo elimu. Lakini safari iliyofuata nilimkuta amegeuza jani, akiyakagua mayai kwa kuyainamia juani. Meupe aliyaponda kwa kidole gumba. Ya kijivu aliyarudisha kivulini, akaendelea na mti wa pili.