Ramani Isiyotulia

Baba alivuta mnyororo wa kupimia mashamba kwa miaka mingi, na kwake kaskazini ni juu. Mpe ramani ya karatasi, ataitandaza kwenye boneti, aizungushe mpaka ilingane na ardhi, ndipo aweke kidole.

Siku tuliyotoka Kisumu kwenda Kiamunyi, Nakuru, kumwona mjukuu wake wa kwanza, nilimpa simu aniongoze. Tangu Mau Summit alikuwa akiizungusha mikononi. Kila akiigeuza, kioo nacho kinageuka, ramani inarudi vilevile.

"Haitulii hii," akasema. "Nitajuaje nilipo?"

Nikamweleza kwamba gari linakoelekea ndiko juu, ili kushoto kwa kioo kuwe kushoto kwa dereva. Mimi huipenda hivyo.

Tulipopita Ngata tukakwama nyuma ya malori. Gari likisimama, GPS haijui limeelekea wapi, maana hutambua mwelekeo kwa kulinganisha ulipo na ulipokuwa. Inabaki dira iliyo ndani ya simu, na hiyo hupima sumaku. Ukiizungushia bodi la chuma hupotoka. Mshale wetu ukageuka ukatazama tulikotoka. Nikaamini tumeipita njia panda, nikageuza gari.

"Mwanangu, Menengai ilikuwa kushoto kwetu, na Kiamunyi iko upande wa Menengai. Mbona sasa iko kulia?"

Sikumsikiliza, na hilo linaniuma hadi leo. Mlima mzima ulikuwa dirishani, mimi nikaamini mshale. Tulipokwenda kidogo programu ikachora njia upya: rudi. Malori yalikuwa yamefuatana, nikaendesha karibu hadi Salgaa kabla ya kupata pa kugeukia.

Kwenye kituo cha petroli nilichukua simu, nikagusa kialama cha dira pembeni mwa ramani. Kaskazini ikakaa juu. Kugusa mara moja tu! Kitu kinachomwezesha mzee kuisoma ramani kimefichwa kwenye kialama kidogo kuliko ukucha, bila neno hata moja la kueleza kazi yake.

Baba akaishika kimya. "Haya. Menengai juu, ziwa chini. Endesha." Akaniongoza hadi langoni, akinitajia kila kona kabla sauti ya simu haijaitaja.

Jioni tukirudi aliiomba tena. Mshale ulikuwa ukipanda kuelekea kushoto, naye akaufuata kwa kidole hadi Mau Summit.