Jaws of the Lion kwa watu wanne: ninavyoiendesha kampeni Nairobi

Jaws of the Lion ni mchezo wa mezani wa kupigana na mazimwi kwa kadi, misheni moja baada ya nyingine, na mfululizo huo ndio kampeni. Vikundi vinavyoiacha njiani huwa na shida mbili: kupanga meza kunakula nusu ya jioni, na wachezaji wanaishiwa kadi bila kuelewa zimeenda wapi. Nimeiendesha kampeni hii hapa Nairobi kwa meza ya watu wanne, wote wenye kazi kesho yake asubuhi, na hayo mawili ndiyo niliyoanza nayo.

Mchezo ulitoka mwaka 2020, ukiwa mdogo wake Gloomhaven, mchezo mkubwa uliobuniwa na Isaac Childres. Una misheni 25, wachezaji ni mmoja hadi wanne, na wote wako upande mmoja. Mazimwi huendeshwa na kadi zao zenyewe. Ramani zimechapishwa ndani ya kitabu, kwa hiyo unafungua ukurasa, unaulaza mezani, basi. Gloomhaven yenyewe inataka uunganishe vipande vya kadibodi kila mara, na boksi lake si la kupanda nalo matatu. Misheni 5 za kwanza ni za mafunzo: unaanza na kadi za alama A, unaingia za B, ndipo unapata kadi kamili. Usiziruke, hata kama mezani kuna mjuaji.

Vipande ninaviweka kwenye vikopo vidogo vya plastiki vyenye vifuniko, vile vya bei ya jumla Kamukunji. Kila aina ya zimwi ina kikopo chake, na kadi zake zimo kwenye bahasha ya kaki iliyofungwa kwa mpira juu ya kikopo hicho. Kabla watu hawajafika natoa vile vilivyotajwa kwenye ukurasa wa misheni tu. Vingine vinabaki ndani ya boksi. Kisha kazi zinagawanywa, na kila mtu anabaki na yake kampeni nzima. Mmoja anahesabu majeraha ya mazimwi, mwingine anafunua kadi zao, wa tatu anasogeza vipande kwenye ramani, wa nne anatunza ubao wa nguvu za moto, barafu na nyinginezo. Kwa mpango huu robo saa inatosha kuanza. Anayesogeza vipande akumbushwe jambo moja: zimwi ambalo kadi yake ya raundi ile haina neno la kusogea halisogei hata hatua moja. Linapiga likifikia, lisipofikia linasimama. Vikundi vingi huyasogeza tu kwa mazoea, halafu vinalalamika mchezo ni mgumu.

Hadithi imeandikwa kwa Kiingereza. Nasoma utangulizi mchana, jioni naisimulia kwa Kiswahili, majina nikiyaacha yalivyo. Sehemu ya hitimisho naifunika kwa karatasi mpaka tushinde, maana jicho halina adabu.

Sasa kadi. Kila raundi unacheza mbili: ya kwanza unatumia nusu ya juu, ya pili nusu ya chini, au kinyume chake. Zikiisha mkononi unapumzika, unazirudisha zilizotumika, lakini moja inapotea hadi mwisho wa misheni. Kadi zako ndizo pumzi yako. Wahusika wa kuchagua ni wanne: Red Guard na Hatchet wana kadi 10 kila mmoja, Demolitionist 9, Voidwarden 11. Mwenye 10 asiyepoteza yoyote ila kwa kupumzika anapata zamu 25 za kucheza. Mwenye 9 anapata 20, mwenye 11 anapata 30. Sasa chukua zile kadi zenye pigo kubwa ambazo zikichezwa zinapotea moja kwa moja. Mwenye kadi 10 akiitumia moja katika raundi ya kwanza, zamu zake zinashuka kutoka 25 hadi 21. Kadi hiyo hiyo akiingoja hadi abaki na 4 tu, inamgharimu zamu moja. Hesabu hii naifanya mezani kwa kadi halisi kabla ya misheni ya kwanza baada ya mafunzo, kila mtu akiona. Maneno matupu hayamtoshi mtu aliyeshika kadi ya pigo la nguvu na zimwi limesimama mbele yake.

Kadi pia ni ngao. Pigo likiwa zito unaweza kulifuta kwa kupoteza kadi 1 ya mkononi, au 2 kati ya zilizotumika. Mwanzoni afadhali uumie, kwa sababu damu inatibika na kadi haitibiki. Karibu na mwisho ni kinyume: zikibaki raundi mbili za kushinda, kadi hazina kazi nyingine. Na ukiweza, pumzika kirefu badala ya kifupi. Kinakula raundi nzima, lakini unajitibu 2, vifaa ulivyotumia vinarudi, na kadi ya kupotea unaichagua mwenyewe. Katika kifupi inachaguliwa kwa bahati, na kuikataa mara moja kunakugharimu jeraha 1.

Kanuni inakataza kutaja majina ya kadi mnapopanga, na pia namba zake, zile zinazoamua nani anatangulia kwenye raundi. Sisi tunatumia maneno matatu tu: mapema, katikati, mwisho. Yanatosha, na yanamzuia yule mmoja asicheze kwa niaba ya wenzake watatu.

Stima ikipotea, taa moja ya kuchaji haitoshi, maana kivuli cha mikono kinafunika ramani. Weka mbili, kila upande moja. Chai na mandazi vikae kwenye stuli, kamwe si mezani. Mafuta yakigusa kadi moja, kila mtu ataitambua kwa mgongo wake.

Boksi linasema dakika 30 hadi 120. Kwa watu wanne wapya, tenga saa tatu. Ikibidi mtu awahi gari, piga picha ya ramani kutoka juu, andika majeraha ya kila zimwi kwa namba yake, kisha kila mchezaji aweke kadi zake katika bahasha tatu: za mkononi, zilizotumika, zilizopotea. Rundo la kadi za mapigo, zile 20 za kila mtu zinazofunuliwa kuongeza au kupunguza nguvu ya pigo, liwekwe kando bila kuchanganywa.

Mkishindwa, dhahabu na uzoefu mliokusanya vinabaki vyenu, na misheni inarudiwa kutoka mwanzo. Kiwango cha ugumu ni wastani wa viwango vya wahusika ukigawanywa kwa 2, kisha unapandisha juu kama kuna sehemu. Wahusika wa kiwango cha 1 hucheza kwa ugumu wa 1. Mkianguka tena pale pale, shukeni hadi 0. Mtego uliokuwa unaumiza 3 utaumiza 2, na mazimwi yatakuja na damu pungufu.