Saksafoni mbili, wimbo mmoja

Kansas City, mji wa Marekani uliovuma kwa muziki wa jazz, ilikesha miaka ya 1930. Wanamuziki wakimaliza kazi kwenye dansi walihamia klabu nyingine kupimana nguvu hadi alfajiri, na saksafoni ya tenori ndiyo iliyotawala. Coleman Hawkins, mmoja wa wapigaji wake, alikuwa na sauti nene inayotikisa ukumbi. Lester Young alipuliza kwa wepesi, kama anayesimulia. Wapigaji wawili wa aina moja hawanogeshi pambano.

Umbo la kawaida la wimbo wa pambano ni rahisi: vipimo 32 vya mapigo manne kila kimoja, yaani sehemu nne za vipimo 8, ya tatu ikiwa daraja, sehemu inayotofautiana na nyingine. Kwa mapigo 240 kwa dakika, mzunguko mzima ni sekunde 32. Kila mmoja hupiga mizunguko kadhaa, kisha hupokezana vipimo 8, halafu 4. Hapo una sekunde nne tu!

Wengi huangukia kwenye daraja: kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zinabadilika, vidole vinabaki nyuma. Wengine huanza na noti za juu kabisa, mzunguko wa tatu hawana pa kupanda. Anza chini, acha nafasi, umjibu mwenzako kwa kifungu chake mwenyewe ukikipindua. Wanamuziki wengine wanaowasindikiza wapige kiitikio kifupi, wakikirudia bila kuchoka.