Kipande cha usiku ule

Juzi binti yangu karudi kliniki, kamezeshwa SP, vidonge vya kukinga malaria, mbele ya nesi, uso kaukunja. "Mama, si wewe uliyekuwa ukitafuta chanjo ya malaria ya wajawazito? Mbona bado ni vidonge?"

Nikakumbuka Muheza, mkoani Tanga, 2004.

Kazi yangu ilikuwa kungojea makondo. Mzazi akijifungua tu, mimi huyo na kisu changu na kibuyu cha barafu. RNA, nakala ya jeni inayofanya kazi, haina subira, ukichelewa imeoza, na bila hiyo hutajua kimelea cha malaria kilikuwa kimewasha jeni ipi. Kile cha falciparum, malaria kali, kina jeni za var kama 60, za kukishonea kanzu. Mwili ukikizoea chavua kanzu chavaa nyingine. Mwaka uliotangulia ndipo ilipojulikana kwamba vimelea vinavyong'ang'ania kwenye kondo huwasha moja ya hizo, var2csa. Tukawa tunaikimbiza hiyo.

Mzazi wa usiku ule alishatia sahihi kliniki. Bibi yake hakutia. Nilimkuta benchini, beseni mapajani, kalifunika kwa kanga, viganja vyote viwili juu yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hili linakwenda kuzikwa nyumbani."

"Litazikwa, bibi. Nakata kidogo tu, kama punje ya harage. Malaria hujificha humu, mtoto akazaliwa njiti, au asizaliwe mzima."

Akanyamaza. Nesi akapita mara mbili. Mimi naitazama saa ya ukutani, yeye ananitazama mimi.

"Kabla ya kumpata mama yake huyu," akasema, "nilizika watatu. Hakuna aliyekuja na kisu kuniuliza."

Akainua pindo la kanga. Kondo lilikuwa limepoa, upande mmoja mweusi kama limepakwa masizi. Akanionyesha kwa kidole: "Kata hapo penye weusi."

Saa nzima ilikuwa imekwisha. Nilijua hakuna RNA ya kusomeka humo. Nikakata, nikatia kwenye kichupa, nikaandika namba, nikasema ahsante. Maabara wakajibu nilichokwishajua.

Chanjo mbili zilizojengwa juu ya var2csa, PAMVAC na PRIMVAC, zimeshajaribiwa kwa watu. Kliniki ya binti yangu bado haijafikiwa na yoyote. Nilimweleza hivyo. Habari ya kile kichupa sikumwambia, maana sijui hata leo kama nilimheshimu yule bibi au nilimdanganya.

"Sasa chanjo lini?" akauliza.

Nikaenda kumletea embe la kuondoa uchungu mdomoni.