Picha za jenomu ya virusi vya muhogo: mwachie Python aiendeshe IGV

Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa mihogo unaoijua vizuri pwani yetu ya kusini. Shina na majani yanaweza kuonekana mazima, ukichimba unakuta muhogo umeoza kwa ndani na haufai hata kwa makopa. Virusi vyake ni vya aina mbili, CBSV na UCBSV. Jenomu ya kila aina ni RNA yenye herufi kama 9,000, na mmea mmoja unaweza kubeba zote mbili. Ndiyo maana sampuli za mashamba ya Newala, Tandahimba na Nachingwea zikishasomwa herufi zake, orodha ya mabadiliko (faili la VCF) peke yake haitoshi. Kila badiliko lenye shaka lapaswa kutazamwa kwa macho kwenye IGV, programu ya kuonyesha jenomu, na picha yake kuhifadhiwa.

Sampuli 60 zenye maeneo 20 kila moja ni picha 1,200. Ukizipiga kwa mkono, mara utakuza zaidi, mara utasahau kupanga vipande vya jenomu vilivyosomwa, na picha hazitalinganishika. Afadhali kazi hiyo ifanywe na skripti.

IGV ikiwa wazi husikiliza amri kwenye poti 60151. Kama haisikii, fungua Preferences, sehemu ya Advanced, uangalie kama poti imewashwa. Kwa upande wa Python, maktaba ya socket inayokuja na Python yenyewe inatosha:

import socket
s = socket.create_connection(("127.0.0.1", 60151), timeout=120)
f = s.makefile("r")

def tuma(amri):
    s.sendall((amri + "\n").encode())
    jibu = f.readline().strip()
    if jibu != "OK":
        raise RuntimeError(amri + " -> " + jibu)

Mstari wa readline ndio roho ya kazi nzima. IGV ikimaliza amri hujibu OK. Skripti nyingi humwaga amri zote kwa mpigo, au huweka time.sleep ya sekunde mbili na kutumaini. Kwenye laptopu yenye RAM ndogo faili kubwa halifunguki ndani ya sekunde mbili, na usiposoma jibu, amri iliyokataliwa inapita kimyakimya: unabaki na picha tupu, au picha ya sampuli iliyotangulia yenye jina la hii mpya. Hilo la pili ni baya zaidi, maana halionekani kwa macho. Subiri OK, kila mara.

Kabla ya hapo andaa mafaili. Jenomu rejea (faili la FASTA) ipitishe kwenye samtools faidx; samtools ni programu ya kushughulikia mafaili haya. Kila BAM, yaani faili la vipande vya sampuli vilivyopangwa juu ya jenomu rejea, ipange kwa samtools sort, kisha samtools index; ukigeuza mfuatano huo, index itagoma. Halafu angalia samtools view -H: jina la mfuatano baada ya SN: lazima lifanane na la kwenye FASTA herufi kwa herufi, pamoja na ile ".1" ya mwishoni. Yakitofautiana, vipande havitaonekana.

Amri zenyewe zinakwenda hivi: genome na njia ya FASTA iliyo kwenye diski yako, ili kazi isitegemee intaneti, snapshotDirectory (folda ya picha), kisha kwa kila sampuli new (anza upya), load (fungua BAM), na kwa kila eneo goto (nenda hapo), sort base (panga vipande kwa herufi), squish (vibane), snapshot (piga picha). Njia za mafaili ziandike kamili kuanzia mzizi, kwa sababu folda anayosimama Python siyo lazima iwe ile ya IGV. Majina yasiwe na nafasi: "shamba 3.bam" litasomwa kama vitu viwili.

Maeneo yasome kutoka VCF kwa pysam, maktaba ya Python ya kusoma mafaili haya, na hapa tumia rec.pos, si rec.start. Ya kwanza inahesabu kuanzia 1 kama IGV, ya pili inaanzia 0, na ukikosea sort base itapanga vipande kwa herufi ya jirani. Herufi 40 kila upande zinatosha.

Virusi husomwa kwa kina kikubwa, mara elfu kadhaa kwa herufi moja, na IGV kwa kawaida huonyesha sehemu tu ya vipande hivyo. Kwa hiyo usihesabu mistari ya kwenye picha. Idadi ichukue kwenye VCF. Mwambaa wa kina nao haubadili rangi mpaka herufi ngeni ifike kiasi cha 20%. Kwa mmea wenye virusi mchanganyiko hiyo ni juu mno, ishushe hadi 5% kwenye Preferences, sehemu ya Alignments. Picha zikiwa ndefu kupita kiasi, maxPanelHeight 500 inazipunguza.

Kwenye seva isiyo na skrini, andika amri zilezile kwenye faili la maandishi na uendeshe kwa xvfb-run, inayoigiza skrini:

xvfb-run --auto-servernum --server-args="-screen 0 1920x1080x24" igv.sh -b amri.txt

Usipotaja ukubwa wa skrini unaweza kupata picha nyembamba zisizosomeka. Na kwa kuwa umeme hukatika, skripti ianze kwa kuangalia kama picha ipo tayari na iiruke. Ile ya mwisho kabla ya giza ifute na kuipiga upya, huenda ilikatika katikati.