Kopo la Kukumbia Maji

Mjomba wangu hakulitamka jina la yule samaki kama Waingereza. Wao husema bass, yeye alisema basi, tena akalipa ngeli ya gari: "Basi limeuma," "Basi limekata mshipi." Nilijaribu kumsahihisha likizo ya Agosti 2007, nikiwa kidato cha tatu na Kiingereza kikiniwasha mdomoni. Akanijibu kwamba samaki huyo aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, na mgeni aliyekaa hivyo huitwa vile wenyeji wanavyoweza.

Tuliondoka ufuo wa Karagita kabla jua halijachomoza. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Agosti kule hutafuna vidole. Boti yetu ilikuwa ya mbao, fupi, yenye injini ndogo ya nyuma iliyohitaji kubembelezwa. Mjomba alihesabu vitu kwa sauti: makasia, petroli, ndoo ya samaki, jaketi mbili za kuelea.

"Kopo la kukumbia maji?"

"Nimeweka, Mjomba."

Sikuwa nimeweka. Nilikuwa nimelitumia kunawa matope miguuni na kuliacha juu ya jiwe. Wala sikusema uongo kwa kukusudia. Nilijibu tu bila kutazama, ile "nimeweka" ya kijana anayetaka safari ianze.

Tukazima injini karibu na Crescent Island, ukingo wa kreta iliyozama, mahali penye kina kirefu kuliko sehemu nyingi za ziwa. Lakini mjomba hakuvutiwa na kina. Basi, alisema, halina tabia ya kufukuza chakula mbali. Hujibanza kivulini, kwenye mafunjo au mti uliozama, likisubiri kipite mdomoni. Kwa hiyo unatupa chambo bandia shubiri moja kutoka kwenye mafunjo, unakiacha kizame, kisha unakivuta kidogokidogo, kama kitu kinachoumwa. Nilinasa mafunjo mara sita kabla sijanasa samaki.

Wa kwanza alipouma nilidhani nimenasa mafunjo mara ya saba, mpaka mafunjo yakaanza kukimbia. Alikuwa wa kijani, mstari mweusi ubavuni, mdomo mpana kiasi cha kumeza ngumi yangu. Mjomba akamtabiria tumbo: "Ukimpasua utakuta maganda ya kamba." Wale kamba wekundu nao ni wageni kutoka Marekani, walioletwa 1970, na basi linawapenda kama sisi tunavyopenda mandazi. Kufikia saa nne tulikuwa na wanne ndoani, mkubwa wao kama kilo mbili.

Kwa kawaida ziwa lile hukupa asubuhi yote. Upepo huanza mchana, na wenye boti ndogo hujipanga wawe nchi kavu kabla yake. Siku hiyo ulitangulia. Niliona maji ya mbali yakibadilika rangi, yakawa meusi, kisha weusi ule ukaja mbio kuelekea kwetu. Wamaasai waliliita ziwa hili Nai'posha, maji yanayochafuka. Waingereza wakashindwa kutamka, tukabaki na Naivasha. (Nikifikiria sasa, hoja ya mjomba kuhusu basi ilikuwa na mashiko kuliko nilivyokubali.)

Baadaye nimepanda mashua Mombasa na naweza kulinganisha. Wimbi la bahari hukuinua, likakushusha, ukapata nafasi ya kumeza mate. Naivasha haina kina kingi, mawimbi yake ni mafupi na yamesongamana. Kabla boti haijamaliza kushuka, jingine limeshamwagika ndani. Injini ikawaka, ikaenda kidogo, ikanyamaza. Gugu maji lilikuwa limejizungusha kwenye pangaboi. Tukaanza kusukumwa kuelekea kwenye mafunjo, na mbele ya mafunjo yale niliona masikio madogo yakipepesuka juu ya maji. Viboko.

Hapo mjomba aliinuka, akachukua jaketi alilokuwa amelikalia kama mto tangu alfajiri, akalivaa na kulifunga kamba zote tatu. Hakusema neno. Ndivyo nilivyojua kwamba mtu huyu aliyezeekea ziwani hakujua kuogelea.

"Kumba maji!" akapaza sauti, mwili nusu nje, akikata magugu kwa kisu.

Nikainama kutafuta. Nikainuka mikono mitupu. Akanitazama mara moja tu, kisha akaitazama ndoo.

"Wamwage humo ndani, utumie hiyo."

Nikawamwaga samaki miguuni petu. Maji yalikuwa yamefika vifundoni, nao wakaanza kuogelea humo kana kwamba tumewahamisha nyumba. Nikakumba. Nilikumba kama mwendawazimu, macho kwa viboko, na ndoo ya tatu au ya nne ilipokuwa hewani niliona mkia mpana ukitangulia maji kwenda ziwani. Lile la kilo mbili. Nililitupa mwenyewe, kwa nguvu zangu zote.

Injini iliwaka tulipokuwa karibu mno na yale masikio, umbali ambao sitautaja kwa sababu kila nikisimulia unapungua. Tulirudi polepole, pua ya boti ikipiga maji, mimi nikikumba njia nzima. Karagita kopo lilikuwa palepale juu ya jiwe. Mjomba aliliokota, akalipangusa kwa shati, akalitia ndani ya boti bila kunitazama. Afadhali angenipiga.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshabandika sufuria ya ugali. Akatazama ndoo, akatutazama tulivyolowa.

"Samaki wako wapi?"

Mjomba akatumbukiza mkono, akamtoa yule mmoja aliyekuwa amejificha chini ya ubao wa kukalia, mdogo kama kiganja.

"Mabasi yametuacha," akasema. "Tumekuja na matatu."