Bango la Sikukuu Tatu

Desemba 2000 nilikuwa Tanga, Ngamiani, najifunza kuandika mabango kwa fundi mmoja mwenye kibanda barabara ya 12. Uchaguzi wa Oktoba ulitukesha na kazi, kisha kazi ikakatika ghafla. Kwa hiyo alipotokea mzee mwenye duka la vitambaa kutaka bango la sikukuu, fundi alimvutia kiti kwa mkono wake.

Ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo Krismasi kuangukia ndani ya Ramadhani. Safari hii iliangukia kumi la mwisho, Idi ikitarajiwa siku mbili tatu baadaye, mwezi ukiandama, halafu Mwaka Mpya. Ukijumlisha Boxing Day na siku mbili za Idi, karibu wiki nzima ilikuwa mapumziko. Mzee alikuwa na wateja wa kila dini na hakutaka kumkwaza yeyote.

"Niandikie SIKUKUU NJEMA," alisema. "Yatosha."

Tukakitandaza kitambaa cha marekani ukutani, tukakibana kwa misumari. Fundi akashika uzi uliopakwa chaki, akauvuta, akauachia, pa! Mstari ukabaki umenyooka kutoka kona hadi kona. Alikuwa amefunga, na harufu ya tapentaini katika joto lile ilimlevya; kila baada ya herufi chache anatoka nje kupunga upepo. Mimi Mkristo, maji nilikwenda kuyanywa nyuma ya kibanda. Hakuna aliyenituma, ndivyo tulivyolelewa.

Bango likatundikwa asubuhi. Adhuhuri mzee huyo karudi, kakunja uso. Mama mmoja aliyefuata kanga za Idi alikuwa amemwambia, "Baba, sisi bado tumefunga, sikukuu gani hiyo mnayotupa?" Mwalimu wa kwaya, aliyekuja kununua kitambaa cha sare, alidhani bango ni la Uhuru, la tarehe 9, wamesahau kuliteremsha.

Mimi nilikuwa upande wa yule mama. Mtu akipewa heri anataka siku yake itajwe. Najua wapo wanaoona haifai kutaja sikukuu ya dini nyingine, na siwabishii. Lakini pale mtaani salamu zilikwenda na kurudi kama sahani za chakula. Krismasi ile mama yangu alipika pilau mchana, ila sahani za majirani alizifunika kwa kawa hadi adhana ya magharibi, zikawafikia zikiwa futari. Siku ya Idi zikarudi zimejaa biriani.

Tukaanza upya. Nani atangulie? Mzee alisitasita, fundi akasema kalenda ndiyo ipange: HERI YA KRISMASI, IDI EL-FITRI NA MWAKA MPYA. Herufi zote alizipima kwa shubiri moja, asije mtu akasema dini yake imeandikwa kwa udogo. Mzee naye akazipima tena kwa shubiri yake.

Januari alilikunja vizuri akaliweka stoo, alitumie tena mwakani. Fundi akacheka. Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Desemba 2001 ingeitangulia Krismasi.

"Mzee wangu, mwakani utanilipa tena."

Na alilipa, ingawa aling'ang'ania kupunguziwa bei, eti maneno ni yaleyale.